Vumbi la Viatu vya Kinyozi

Nilimwacha Kinyozi atangulie. Nilimwambia miguu yangu bado mizito, yeye apande tu, na kwa adabu zake zilezile akajibu, "Haya shemeji, wewe njoo polepole. Nitakungoja kwenye kila kona." Hakujua kwamba sikuwa nimechoka hata kidogo. Nilitaka kumtazama mgongo. Uso wake nilishauzoea. Ulikuwa uso wa kazi, uliofundishwa miaka mingi mbele ya kioo kuwaridhisha wateja, na haukuwahi kunipa kitu. Nilidhani huenda mgongo ungeropoka.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, jua limeshapanda lakini halijaanza kuuma. Mizabibu ilipanda vilima na kuvishuka kwa mistari myembamba, imelazwa nyuma kama nywele zilizosukwa twende kilioni, na barabara ya changarawe ilijipinda katikati yake, ikizunguka kila shamba kama mgeni anayeogopa kukanyaga zulia la watu. Hakukuwa na gari. Zile ni barabara ambazo gari likipita, wapogoaji wa mizabibu huinua vichwa na kulitazama mpaka vumbi litue. Tulisikia tairi zetu tu zikitafuna changarawe kama mtu anayekula bisi, na mara mojamoja mnyororo wa baiskeli niliyopanda, ambao ulikuwa na kilio chake.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya marehemu mume wangu. Fundi alikuwa ameshusha kiti, akanyoosha usukani uliopinda siku aliyoanguka, akabadilisha na tairi la mbele. Alitaka kuipaka rangi upya pale ilipochubuka. Nilimkatalia.

Kinyozi aligeuka. "Shemeji, uko sawa?"

"Niko sawa. Nenda."

Naye akaenda, na shingo yake, naapa, ilikuwa imekakamaa kama ya mtu anayepelekwa kituoni.

Huyu Kinyozi alikuwa rafiki wa mume wangu tangu mume wangu akiwa na nywele. Kadiri nywele zilivyozidi kuondoka, ndivyo urafiki ulivyozidi kukaa, hata miaka ya mwisho alikuwa akimnyoa kipara kwa heshima tu, dakika mbili za mashine na saa nzima ya mazungumzo. Mume wangu alikuwa mpima ardhi. Vilima vile alivijua kwa miguu kabla ya kuvijua kwa baiskeli, maana yeye ndiye aliyepima mashamba mengi ya zabibu kule juu, na wakulima walipogombania mpaka walimwita yeye kwanza kabla hawajaanza kuitana majina mabaya. Alipofikia umri ambao wenzake hununua viti vya kuegemea, akanunua baiskeli: usukani umejikunja kama pembe za kondoo, tairi pana kiasi, za kupita kwenye kokoto na vumbi. Akamshawishi na Kinyozi akanunua yake. Kila Jumapili waliondoka pamoja kama watoto waliotoroka shule, na mimi nikabaki na pasi zangu, kwa sababu nina duka la dobi, na nguo za watu hazijui Jumapili.

Simu iliponijia siku ile nilikuwa na shati la harusi la mtu mezani. Ilikuwa namba nisiyoijua, sauti ya mwanamke wa hospitali, taratibu mno. Watu wa shambani walimkuta barabarani na kumpakia kwenye gari la kubebea zabibu. Nilimpigia Kinyozi nikiwa njiani, nikipiga kelele tu, sijui hata nilimwambia nini. Tulipofika mimi na binti yetu, daktari alitupokea mlangoni, na kwa namna alivyofunga mlango nyuma yake nikajua.

Kinyozi aliingia baadaye kidogo, helmeti mkononi, anahema. Nilimvamia. Nilimshika shati kwa mikono miwili nikamtikisa.

"Ulikuwa naye? Niambie ulikuwa naye!"

Alinitazama. Kisha akasema, "Nilikuwa naye, shemeji."

Nililia. Nililia nikisema yote yaliyokuwa moyoni, kwamba ameondoka nyumbani bila kuagana na mtoto, kwamba wiki nzima hawasemeshani, kwamba kisa ni ile safari. Binti yetu, ambaye ni mtoto wetu wa pekee, alikuwa amepata nafasi ya kusoma ng'ambo. Baba yake hakutaka kusikia. "Mtoto nina mmoja," alisema, "nimtupe huko mbali, nikizeeka nimwite kwa filimbi?" Binti alinuna, baba akanuna, na mimi nikakaa katikati yao kama pazia. Kila aliponiuliza, "Mama, wewe wasemaje?" nilimwambia, "Muulize baba yako."

Pale kwenye korido binti alimsogelea Kinyozi. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ba'mdogo, alisema kitu?"

Kinyozi aliihamishia helmeti mkono wa pili. "Alisema, 'Mwambieni mwanangu aende. Niko radhi naye.'"

Yule mtoto alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akalia kwa namna nyingine kabisa, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Mwenye radhi ya mzazi hata akienda miguu peku atafika. Tulimzika mume wangu, na kabla mwezi haujaisha binti alifunga sanduku lake akaondoka. Nilimsindikiza nikiwa nimesimama wima. Maneno yale yalitubeba sote wawili.

Nami ningebaki nimebebwa hivyo maisha yangu yote, kama si kazi yangu, na kama si dada yangu.

Dada yangu ni mkubwa wangu, mjane kabla yangu, na huja dukani kila siku kunisaidia kukunja nguo na kunifumbua macho. Kwake hakuna jambo lisilo na chini yake. Mtu akimsalimia kwa furaha mno, anataka kukopa, asipomsalimia, anadaiwa. Kinyozi alipoanza kupita dukani baada ya msiba, mara analeta matunda, mara anabadilisha taa iliyoungua, mara anazibua bomba, dada alimtazama juu ya miwani yake.

"Huyu mwanamume ana nini na wewe?"

"Ni shemeji yangu, dada. Rafiki wa marehemu."

"Hata mimi nina macho. Angekuwa anakutaka ungeona anakutazama. Huyu hakutazami. Anakuhudumia kama mtu anayelipa faini." Akakung'uta shuka. "Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu. Wewe unashinda ndani ya nguo za watu, lakini yako huikagui."

Nilimkemea. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kukemewa. Nikaanza kumsikiliza Kinyozi kwa sikio jingine. Mara ya kwanza alipotusimulia siku ile, alisema alimnywesha mume wangu maji. Baadaye, dukani, akizungumzia joto la siku ile, akasema maji yake mwenyewe yalimwishia mapema mno, chupa tupu tangu chini. Siku nyingine alisema mume wangu alimshika mkono, "hivi, kwa huu wa kulia, kwa nguvu," na akanionyesha. Daktari alikuwa ameniambia mimi mwenyewe kwamba mkono wa kulia ulivunjika vibaya. Nilimpa chai. Aliinywa haraka, ingawa ilikuwa bado ya moto.

Halafu likaja lile la vumbi.

Msimamizi wa shamba moja la zabibu aliniletea maovaroli ya vibarua wake. Nilipoyakung'uta nje, vumbi lilipaa jeupe kama unga wa sembe. Nikashangaa, maana vumbi la vilima nililijua mimi ni jekundu. Nguo alizokuwa amevaa mume wangu siku ya mwisho nilizifua kwa mikono yangu, na maji yaligeuka kama ya tofali. Nilizifua mpaka vidole vikakunjamana na bado maji yalitoka mekundu.

"Hili vumbi la wapi?" nilimuuliza msimamizi.

"La kwetu huku bondeni. Njia yote ni chokaa. Kule juu kilimani ndiko kwekundu. Ukiona mtu mweupe miguu, amepita chini. Ukimwona mwekundu, amepita juu. Wala huna haja ya kumuuliza."

Alicheka, akachukua risiti yake akaenda. Mimi nilibaki na ovaroli mkononi. Nilikuwa nimeona vumbi lile mahali, kabla. Nilifumba macho, nikajirudisha kwenye ile korido, ambako sikuweza kuinua kichwa kumtazama mtu usoni na muda wote nilitazama chini. Sakafu nyeusi ya hospitali. Viatu vyangu, kimoja nimekivaa bila soksi. Viatu vya binti. Na viatu vya Kinyozi, vyeupe tangu soli hadi kamba, vikiacha alama nyeupe kila alipohama.

Mume wangu alifia kwenye njia nyekundu. Mtu aliyekuwa naye alikuja na vumbi jeupe.

Sikumwambia dada. Nilijua angeniwekea mtu jela kabla ya magharibi. Lakini tangu siku hiyo usingizi wangu uliingia mchanga. Nilijipangia kila aina ya mambo. Labda walishindana, Kinyozi akampiga kumbo, akatimua mbio kwa njia ya chini asionekane. Labda alianguka peke yake na Kinyozi akamwacha hapo, akaogopa, akakimbia. Askari wa barabarani walisema aliteleza mwenyewe. Lakini askari walifika wakati maiti iko hospitali, waliona nini? Na kama Kinyozi alikuwa naye, mbona ni mimi niliyempigia simu? Na ile radhi, yale maneno matamu tuliyoyanywa mimi na mwanangu, yalianza kunuka kama rushwa. Mtu amekuchukulia mume, kisha anakupa neno zuri ili usiulize.

Kilichonitisha zaidi ni kwamba hakuwa tena akiendesha. Baiskeli yake aliitundika ukutani pale kinyozini, juu ya kioo, na wateja walipomuuliza alisema goti.

Basi nikajifunza. Mwanamke mzima, nywele zimeanza kuingia mvi, nikajifunza kuendesha baiskeli nyuma ya duka, kwenye uwanja wa kuanikia nguo, nikiangukia mashuka ya watu na kuyafua upya. Dada alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akinitazama.

"Na huu nao ni ugonjwa gani?"

"Mazoezi. Daktari amesema shinikizo la damu."

"Daktari yupi huyo?" aliuliza, lakini alinishikia kiti nisianguke.

Nilipoweza kwenda moja kwa moja bila kupiga kelele, nikaanza kutoka nje ya mji, kila siku mbele kidogo, mpaka changarawe zikanizoea. Kisha nikaenda kinyozini. Alikuwa na mteja, povu masikioni. Nilisimama mlangoni.

"Shemeji, nataka unipeleke mahali alipoangukia. Kwa baiskeli. Njia ileile mliyopita."

Mashine ilisimama hewani. Mteja akafungua jicho moja.

"Shemeji, kule ni mbali. Vilima vile havifai."

"Nimeshazoea."

"Goti langu hili..."

"Tutakwenda taratibu."

"Ngoja kwanza mvua..."

"Mvua imekwisha, shemeji."

Kwenye kioo nilimwona akinitazama, na mimi nikamtazama humohumo. Akasema, "Haya. Jumapili." Kisha akamkata mteja sikio, kidogo tu, akaomba msamaha mara nyingi kuliko kidonda kilivyostahili.

Jambo moja sikumwambia. Mahali penyewe nilipajua. Kaka wa mume wangu alinipeleka kwa gari wiki ile ya msiba, na yule askari aliyeandika ajali alitutangulia na pikipiki, akasimama, akaonyesha kwa mkono: hapa. Kinyozi hakuwapo siku hiyo, alisema anaumwa. Kwa hiyo nilikuwa na kipimo changu. Nilitaka kuona mtu mwenye hatia anavyokaribia mahali pa hatia yake, kama atapunguza mwendo, kama atageuza uso, mguu upi ataushusha kwanza.

Ndivyo tulivyofika njia panda. Upande wa kushoto barabara ilishuka bondeni, nyeupe, imelala kama ukanda uliodondoshwa, na mbali chini nililiona paa la kiwanda cha mvinyo na harufu yake chachu ikitufikia kwa vipande. Upande wa kulia ilipanda, nyekundu. Kinyozi alisimama. Alisimama kwa muda mrefu, mguu mmoja chini, akitazama kushoto. Nilisimama nyuma yake nikihesabu pumzi zake. Mpogoaji mmoja, mwanamke mwenye kofia pana, alitusalimia kutoka kwenye mstari wa mizabibu, na Kinyozi hakumwitikia. Ni mimi niliyemwitikia.

"Ni huku," hatimaye alisema, akageuza usukani kulia.

Nikawaza: ameanza kuogopa.

Tulipanda. Changarawe za kule juu ni kubwa, zinasogea chini ya tairi kama zina nia mbaya. Nyigu walizunguka zabibu zilizosahauliwa na wavunaji. Nilimwona Kinyozi akitazama huku na huku, pembeni, mbele, tena pembeni, na mimi kila alipotazama nikatazama, nikidhani ananionyesha bila kutaka. Tukafika kwenye kona kali iliyoning'inia juu ya korongo. Mawe yaliyochongoka upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu, ni hewa na vilele vya miti. Akashuka. Akailaza baiskeli yake chini kwa uangalifu, akavua helmeti.

"Hapa," alisema. Machozi yalikuwa yakimtoka tayari. "Alikuwa hapa, shemeji. Nilimwekea kichwa kwenye paja langu, hapa."

Nilitazama ile kona. Ilikuwa kona ya kutisha kweli. Mtu yeyote akiambiwa achague mahali pa kufia kilimani kule, angeichagua ile. Nilikuwa nimekuja kumkamata mtu anayejua mengi mno. Mtu huyu hakujua lolote.

"Si hapa," nilisema.

Aliinua uso.

"Ni mbele, shemeji. Karibu na tangi la maji, pale barabara inaponyooka. Ni tambarare. Hata korongo hakuna."

Aliipangusa helmeti yake kwa kiganja, akaipangusa tena, kama kuna doa. Kisha akakaa palepale chini kwenye vumbi jekundu, miguu ameinyoosha.

"Mimi sijui alianguka wapi," alisema. "Sikuwa naye."

Nilibaki nimeshika usukani. Nikaona ajabu kwamba sikushtuka. Masikio yangu yalikuwa yameshasikia kabla yangu.

"Tulifika pale njia panda," alisema. "Goti liliniuma kweli siku hiyo. Nikamwambia, nenda na kilima chako, mimi napita bondeni, tukutane kiwandani. Nikafika mimi kwanza. Nikakaa pale getini kivulini, nikanunua maji ya zabibu, nikawa namsema kwa mlinzi. Namwambia, huyu mzee kazi yake ni kuchelewesha watu, utadhani bado anapima ardhi. Tukacheka. Shemeji, wakati ule... tulikuwa tunacheka. Halafu ukapiga simu."

"Na kwa nini ukaniambia ulikuwa naye?"

"Hukuniuliza nilikuwa wapi. Uliniuliza, ulikuwa naye? Ulivyonishika shati lile, ningesema hapana, ningekuua."

"Na radhi?"

Aliinamisha kichwa. "Mtoto aliniuliza alisema kitu. Nikawaza, aliyekuwa naye lazima awe amesikia. Na wewe ulikuwa umeshalia kwa sauti kwamba ameondoka bila kuagana naye. Nikachukua hilohilo nililolisikia kwako. Sikuwa na jingine. Baadaye kila nikija dukani nasema leo nitamwambia. Nikikuona, nazibua bomba."

Mara nyingi nilijiuliza jinsi ufunguo ule wa radhi ulivyoingia vizuri kwenye kufuli letu. Sasa nikajua: mwenye kufuli ndiye aliyeuchonga, kwa kilio chake mwenyewe, pale koridoni.

Mwanamke mwingine labda angempiga. Mimi nilikuwa nimembeba mtu huyu kichwani kama muuaji kwa miezi, nimemla na kumtapika usiku na mchana, na hasira yangu yote ilikuwa imeandaliwa kwa ajili ya muuaji. Kwa mtu aliyekaa kivulini akimngoja rafiki yake, sikuwa na hasira ya kutosha. Nilikaa naye chini.

"Basi nipe la kweli," nilisema. "Pale njia panda. Neno la mwisho ulilolisikia wewe kwa masikio yako."

"Halina maana, shemeji."

"Nipe hivyo hivyo."

Alifikiri. "Aliinama akalibonyeza tairi langu kwa kidole gumba. Akasema, 'Umelijaza mno hili. Punguza upepo, utateleza kama sabuni.' Basi. Akapanda zake."

Nikacheka. Sikutegemea, kicheko kilinitoka na machozi yakakifuata, vyote kwa mlango mmoja. Maana huyo ndiye alikuwa mume wangu. Angeweza kukuta nyumba ya mtu inaungua akamwambia bawaba za mlango zinataka mafuta. Yule mwingine, aliyetoa radhi akikata roho kwa maneno yaliyonyooka, nilikuwa nimeishi naye zaidi ya mwaka bila kumzoea, mpole mno, kama mgeni aliyevaa nguo za mwenyeji.

"Inuka," nilimwambia Kinyozi. "Twende nikuonyeshe."

Nilitangulia mimi. Pale kwenye tangi barabara ni pana, na mtu unajiuliza imewezekanaje; changarawe zimelegea kidogo, mteremko wa kuchokoza tu, mizabibu michanga imefungwa kwenye vijiti vyake. Kinyozi alisimama mahali nilipomwonyesha. Hakulia tena. Alichuchumaa, akapitisha mkono juu ya kokoto kama anavyopitisha mkono kichwani kwa mteja kuona kama pamebaki nywele. Nilimwacha, nikaenda kukaa kwenye ukingo wa tangi.

Ndipo simu ikaita. Kule juu mtandao ni mzuri kuliko mjini. Alikuwa binti yangu; Jumapili ndiyo siku yake ya kupiga.

"Mama." Kwa hilo moja tu nikajua. "Mama, nimechoka. Nataka kurudi."

Alinieleza. Alikuwa ameanguka mtihani mmoja, chumba ni baridi, watu wanapita kama hawamwoni. Alizungumza haraka, kisha akapunguza.

"Ningekuwa nimesharudi zamani. Ni kwa sababu ya baba. Yale maneno yake. Nikifikiria kurudi naona kama namtupia radhi yake usoni. Najilazimisha tu, mama. Kwa ajili yake."

Kinyozi alikuwa ameinua kichwa. Hakusikia maneno, lakini alisikia sauti, naye alijua ni nani. Tulitazamana. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Nilikuwa na uwezo, kwa sentensi moja, wa kumtua mwanangu mzigo mmoja na kumbebesha mwingine. Kinyozi alikuwa anangoja niiseme.

"Mwanangu," nilisema, "mwache baba yako apumzike. Mimi hujawahi kuniuliza."

"Nilikuuliza, mama. Ulisema nimuulize baba."

"Ndiyo. Sasa niulize mimi."

Nilisikia mlango ukifungwa huko aliko, na gari likipita.

"Mama, nirudi?"

"Ukiniuliza mimi, nasema kaa, umalize. Unaweza. Lakini ukirudi, mlango uko wazi na hakuna mtu atakayekucheka, atakayejaribu nitamcheka mimi kwanza. Ukikaa niko radhi nawe. Ukirudi niko radhi nawe. Maneno haya ni yangu, hayakupitia kwa mtu mwingine. Umesikia?"

Niliitazama simu nione kama imekatika.

"Nimesikia," alisema. Kisha, kwa sauti iliyokuwa na pua ndani yake, "Mama, mbona kuna upepo? Uko wapi?"

"Niko kilimani. Naendesha baiskeli."

"Wewe?"

"Mimi."

Alicheka. Nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu aondoke, na niliusogeza sikioni nikaubana usimwagike. Kinyozi alikuwa ameshatugeuzia mgongo, anakaza kitu kwenye baiskeli yake kisichohitaji kukazwa.

Hatukusema mengi tulipokuwa tukishuka. Mwanangu alikaa mpaka akamaliza, na Kinyozi mpaka leo anamwita binti yangu "mwanangu", naye binti anamwita Ba'mdogo, na mimi nawatazama wote wawili wakila kwenye meza yangu na sisemi neno.

Siku iliyofuata safari ile, Jumatatu, dada alikuja dukani mapema kuliko kawaida. Alivua kitenge chake cha begani, akakikunja, akakaa mbele yangu bila kugusa nguo.

"Haya. Umekwenda. Umepata nini?"

"Nimepata miguu kuniuma."

"Na yeye?"

"Naye goti."

Alishusha miwani mpaka ncha ya pua. Lile jicho lake nililijua tangu utotoni. Nililiona likitua juu ya wachuuzi, wapangaji, wachumba, wachungaji, na kila mwanaume aliyewahi kupita mlangoni kwetu. Sasa lilitua juu yangu, likakaa.

"Mdogo wangu," alisema polepole, "kuna kitu unanificha."

Nilichukua shati lililokuwa juu kwenye rundo, nikalinyoosha kola, nikateremsha pasi, na mvuke ukapanda kati yetu.